Mtu wa Kulabu wa Marl Street: Miaka Arobaini ya Enoch Purkiss

Ijumaa, tarehe 31 Julai 1931, saa nane mchana, Bwana Enoch Purkiss ataivua kofia yake ya kazi kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia reli yetu kwa miaka arobaini na miezi minane. Aliajiriwa Novemba 1890, mwezi uleule treni ya kwanza ya umeme ilipopita chini ya ardhi ya London ikiwa na watu wetu ndani, wengine wakisali kwa sauti. Katika muda wote huo amechelewa kazini siku moja tu. Siku hiyo alikuwa anaoa, na hata hivyo saa saba mchana alikuwa kazini, ua la arusi likiwa bado kifuani.

Bi. Lavinia Frome, mhariri wa jarida hili, amenipa masharti matatu. Niandike kwa uchangamfu, nisiwachoshe watu, na nisijiingize katika habari za mwenzangu. La kwanza nitajitahidi. La pili mtaamua wenyewe. La tatu limenishinda kabla sijaanza, kwa sababu nimo ndani ya habari hizi mpaka shingoni, na simo kwa sifa. Kwa wageni, mimi ni Clement Stagg, dereva, yule mnene mwenye masharubu ambaye picha yake imetundikwa karibu na mlango wa bwalo la chai na maneno "Rafiki wa Kweli" chini yake. Mkimaliza kusoma, mnaruhusiwa kuigeuza iangalie ukuta.

Enoch alitoka kwenye mazizi ya farasi wa mabasi, kule Walworth. Aliposikia reli mpya inatafuta watu wa kuunganisha mabehewa, aliamini kwa moyo wake wote kwamba mabehewa hayo yatavutwa na farasi, maana hakuwahi kuona kitu kingine kikivuta. Alifika siku ya kwanza na brashi ya kusugulia farasi mfukoni. Wakampa spana. Brashi hakuitupa, alikuwa akiitumia kupangusa vumbi la breki kwenye injini, huku akizisemesha. "Haya mama, rudi nyuma, rudi, polepole, mguu wangu huo." Injini namba kumi na mbili, iliyokuwa na tabia ya kuguna na kugoma, aliiita Shangazi Dorcas, na kila asubuhi aliiamkia kabla ya kumwamkia dereva wake. Dereva wake nilikuwa mimi.

Vijana mlioajiriwa miaka hii mmezikuta treni zenye mota chini ya sakafu na chumba cha dereva mbele na nyuma. Mkifika mwisho wa njia mnatembea hadi upande wa pili, mnakaa, mnaondoka, na bado mnalalamika kwamba mnachoka. Sisi tulikuwa na injini. Ilikuwa kisanduku cha chuma, dereva na msaidizi wake wakikaa humo magoti yakigusana, nyuma yake mabehewa matatu yenye vidirisha vya juu visivyoonyesha kitu. Treni mbili zikipanda mlima wa ndani ya handaki kwa wakati mmoja, umeme ulikuwa hautoshi, na taa zilififia mpaka abiria wakakunja magazeti. Mimi nimekwama kwenye mlima ule mara tatu katika juma moja. Mara ya tatu bibi mmoja alikuja mbele na kuniuliza kama ingesaidia yeye akishuka.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyogeuza, maana ndipo habari yote ilipo. Treni ikiingia kituo cha mwisho, Marl Street, injini iliyoileta inabaki imebanwa mwisho wa reli, haina pa kupita. Injini nyingine inatoka pembeni na kuja kushika mkia wa treni. Mtu wa kulabu anashuka relini, anafungua injini ya zamani upande huu, anakimbia upande wa pili, anaingia katikati ya behewa na injini mpya, ananyanyua kulabu yenye uzito wa mbuzi, anafunga. Kisha anatoka. Kazi nzima ilipewa dakika moja na nusu. Enoch aliimaliza kwa sekunde hamsini, mara mia kwa siku, kwa miaka thelathini na miwili.

Nilisema anatoka. Juma langu la kwanza kazini, mwaka 1897, sikusubiri atoke. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nilijiona bingwa, nikasikia mlio wa chuma nikadhani tayari, nikaondoa treni. Enoch aliruka akapona, ila mkia wa koti lake ulibaki kwenye kulabu, ukasafiri nami vituo sita mpaka katikati ya jiji, ukipepea. Msimamizi wa kituo kule aliurudisha umefungwa kwenye gazeti, na salamu za kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Nilirudi Marl Street. Enoch alikuwa amesimama jukwaani na nusu ya koti. Hakunitukana. Aliniinamia dirishani, pua kwa pua.

"Kijana, jina lako nani?"

"Stagg, bwana. Clement Stagg."

"Sikia, Clement. Kuanzia leo nikishatoka nitagonga behewa kwa spana mara mbili. Ngo, ngo. Usiposikia, usisogee hata inchi moja. Malkia mwenyewe akikuamrisha uondoke, mwambie unamsubiri Purkiss. Umenielewa?"

Nilielewa. Nilielewa kiasi kwamba nyumbani mke wangu hakuweza kunitoa mezani bila kugonga. Desturi ikaenea kwa madereva wote wa Marl Street, na haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha kanuni. Ngo, ngo, ndipo treni inatoka. Hakuna mtu wa kulabu aliyeumizwa kituoni kwetu tangu siku hiyo, na Enoch akiulizwa siri yake alikuwa akijibu kwamba anamshukuru Stagg kwa kumharibia koti.

Basi ukaja mwaka 1922, na habari kwamba injini zetu zimezeeka na zitaondolewa zote. Zitakuja treni mpya, na katika treni mpya hakuna cha kufunga wala cha kufungua. Watu wa kulabu walikuwa saba, wanne kwetu na watatu upande wa pili wa njia. Enoch alikuwa na miaka hamsini na sita. Nyumba aliyokaa na mkewe, Bi. Keziah, ilikuwa ya Kampuni, nyuma ya karakana, na wenzake vilevile. Kazi ikiisha, unafunga virago. Bi. Keziah miguu yake ilikuwa imeshaanza kumsumbua, hapandi ngazi. Enoch hakulia mbele ya watu, lakini alianza kuuliza kila dereva swali moja, kana kwamba anauliza habari za mvua: "Hivi wewe waonaje, treni hizo zitahitaji mtu?"

Na mimi aliniuliza. Nikamjibu, "Wee mzee, treni gani ya London itaondoka bila wewe? Tulia." Nikampigapiga begani. Kumbukeni bega hilo.

Mhandisi aliyeletwa kusimamia mabadiliko alikuwa Bwana Garside, kijana wa Manchester, mpole, mwenye saa mbili, moja ya mkononi na moja ya kutupimia sisi. Alinichagua mimi niwe dereva wa kwanza wa treni mpya. Jamani, kichwa kilivimba. Nilipewa sare yenye vifungo viwili viwili. Nilikuwa nazunguka kwa njia ndefu kwenda kunywa chai, ili nipite mbele ya watu wengi zaidi. Siku moja Garside akaniita ofisini, akanipa kiti, akanipa na sigara, akaniuliza kwa heshima, "Bwana Stagg, wewe ni mzoefu. Kazi hii ya kulabu ina ufundi gani hasa?"

Mtu mwenye akili angesema ukweli, kwamba ina ufundi ambao mimi siuwezi. Lakini nilikuwa na sigara mkononi na vifungo viwili viwili. Nikacheka kama mkubwa anavyocheka. Nikasema, "Ufundi? Bwana Garside, hiyo hata mama mkwe wangu angeifanya, tena huku anafuma soksi."

Garside hakucheka. Aliandika.

Ripoti ilisomwa kwenye bwalo la chai mwezi Februari 1923, sote tumesimama. Ilikuwa ndefu na ya hesabu, lakini katikati yake kulikuwa na mstari huu: dereva mmoja wa siku nyingi ameshuhudia kwamba kazi ya kulabu inaweza kufanywa na ajuza huku akifuma soksi. Kwa sababu hiyo, pamoja na nyinginezo, watu wote saba hawatahitajika kuanzia Jumamosi ya tarehe 14 Aprili.

Bwalo lilichafuka. Jabez Thorogood, mtu wa kulabu kutoka upande wa pili, jitu la Bermondsey lenye watoto watano, alipanda juu ya benchi. "Nani? Dereva gani huyo? Ajitokeze nimfundishe kufuma!"

Naomba mjue nilichofanya, kwa sababu katika maisha yangu nimefanya upuuzi mwingi, lakini huu ndio mfalme wa upuuzi wote. Nilipanda kwenye benchi pamoja na Jabez. Nilipiga kelele kuliko yeye. "Mwenye mdomo huo ni nyoka!" nilisema. "Tumtafute! Tumjue leo leo!" Nikachaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya kumtafuta. Tulikutana mara tatu, nikaongoza vikao vyote vitatu kwa makini, na mpaka leo kamati haijatoa majibu.

Enoch alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake. Aliniangalia nilivyokuwa pale juu ya benchi, kisha akaangalia miguu yake. Alikuwa amevaa soksi za kijivu alizopewa Krismasi na mama mkwe wangu.

Jumanne ya tarehe 10 Aprili 1923 ilikuwa siku ya treni mpya kuonyeshwa kwa Bodi. Wakurugenzi wote walipanda, na wake zao, na Mwenyekiti mzee na fimbo yake. Watu wa kulabu walikuwa wameshapata barua, zilibaki siku nne. Wale wanne wa kwetu walisimama Marl Street jukwaani wakiwa wamepiga pasi, bila kazi ya kufanya, kama watu waliokuja kumsindikiza mgeni asiyewajua. Nilipowapita kwa mbele niliangalia kipima-mwendo, ingawa treni ilikuwa imeshasimama.

Treni iliingia vizuri. Wakurugenzi walipiga makofi. Kama nilivyofundishwa, nilitoa mpini wangu wa kuendeshea, nikashuka, nikatembea kwa maringo hadi chumba cha upande wa pili, nikaketi, nikaingiza mpini. Gadi akapiga kengele. Taa ilikuwa ya kijani. Kila kitu kilikuwa tayari.

Nikakaa.

Dakika moja ikapita. Nilikuwa nimetulia kabisa, mikono magotini. Dakika ya pili nikaanza kumlaumu Enoch kimoyomoyo kwa uzembe. Gadi akapiga kengele tena. Dakika ya tatu nikasikia wake za wakurugenzi wakiulizana kama treni imekufa. Dakika ya nne mlango ukafunguliwa, Garside akaingia, uso mwekundu, saa zote mbili mkononi.

"Stagg! Mbona huondoki? Unasubiri nini?"

"Namsubiri Purkiss," nikasema.

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba treni haina kulabu. Nilitaka sakafu ipasuke niangukie kwenye zile mota. Nikajaribu kusogeza mpini, na hapa mniamini au msiniamini, mkono ulikataa. Miaka ishirini na sita ulikuwa haujawahi kuondoa treni Marl Street bila ngo ngo, na siku hiyo, mbele ya Bodi nzima, ulikataa katakata. Garside akausukuma yeye. Nikaushika nisimruhusu. Tukawa tunashikana mikono pale kama wachumba.

Mwenyekiti akatoa kichwa dirishani. "Huyo Purkiss ni nani?"

Enoch akajitokeza kwenye mstari. Alishuka relini kwa ile njia yake, akapita nyuma ya behewa la mwisho, akatazama chini, akatazama milango, akapanda tena jukwaani, akatoa spana mfukoni, akagonga mara mbili. Treni ikatoka kwa kasi iliyompotezea Mwenyekiti kofia.

Lakini wakati anakagua, Enoch alikuta mlango wa mwisho haujajifunga vizuri, na mke wa mkurugenzi mmoja ameegemea papo hapo. Aliufunga kwa bega kabla ya kugonga. Mwenyekiti alikuwa anamtazama. Juma lilelile Bodi ikaamua kwamba treni mpya zinahitaji mtu mmoja wa kuzikagua mwisho wa njia na kuzipa ruhusa ya kutoka, na kwamba mtu huyo ni Purkiss. Mtu mmoja. Wale sita waliondoka Jumamosi kama barua zilivyosema.

Ndiyo kazi ambayo Enoch ameifanya kwa miaka minane iliyofuata, na kuifanya vizuri sana. Amezuia milango mia na kitu isiyofungwa, amemtoa mbwa mmoja na bwana arusi mmoja chini ya magurudumu, na amewafundisha vijana kumi na watatu ambao kila mmoja anagonga kwa mtindo wake, jambo linalomkera mno. Hakuna ajali hata moja Marl Street katika zamu yake. Injini zilipouzwa kwa watu wa chuma chakavu, yeye peke yake ndiye aliyekwenda kuzitazama, akarudi, akaomba likizo ya nusu siku, ya pekee katika miaka yote arobaini.

Na mimi? Mimi nikawa shujaa. Ilivumishwa, na wala sikuianzisha mimi ila niliilisha ikanenepa, kwamba Stagg alikaidi Bodi nzima kwa makusudi ili kuokoa kazi ya rafiki yake. Nilinunuliwa bia na watu nisiowajua. Chama cha wafanyakazi kikatundika ile picha. Bi. Keziah akawa ananipikia pai ya nyama kila Jumamosi, na miguu yake ile, na nilizila zote, miaka minane, na mara nyingine niliomba mchuzi zaidi. Niliusimulia mkasa ule mara nyingi hata nikaanza kukumbuka hotuba niliyomtolea Garside. Hakukuwa na hotuba. Kulikuwa na mtu mzima aliyekuwa anasubiri kugongewa.

Mwezi uliopita Bi. Frome alimuuliza Enoch angependa nani aandike makala haya. Akajibu, "Mpe Stagg." Niliposikia, pai zote zilinipanda kooni. Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nikaenda kwao. Walikuwa wanakula samaki aina ya mkunga wa kuchemsha, na viazi. Nikakataa chakula, kitu ambacho kilimtisha Bi. Keziah kiasi kwamba alinishika kipaji cha uso kuona kama nina homa. Nikasimama katikati ya chumba, kofia mkononi, nikasema yote mawili. La ofisini kwa Garside, na la kusubiri.

Enoch alimaliza kipande alichokuwa nacho. "La soksi nililijua siku ileile," akasema. "Reli nzima nani mwingine ana mama mkwe anayefuma mpaka kwenye misiba?"

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Nilipanga kukuvunja taya Jumamosi ile ya mwisho. Nilishakunja hata mikono ya shati. Halafu Jumanne kabla yake ukakaa pale, ukakataa kuondoka mbele ya wakubwa. Nikasema, basi, amejuta. Ameona alichofanya na amejitoa mhanga. Nikakusamehe palepale." Akaweka kisu chini. "Sasa unaniambia hukujuta?"

"Nilikuogopa, Enoch. Basi. Nilikuwa nasubiri ugonge."

Bi. Keziah alimtazama mumewe. Mabega ya Enoch yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko cha kuumiza mbavu, mpaka Bi. Keziah akampa maji. "Miaka minane!" alikuwa anasema. "Keziah, miaka minane tunamlisha mtu kwa kuwa mwoga!"

Nami nikaanza kucheka. Nilidhani yameisha. Enoch akaacha kucheka ghafla, akafuta macho.

"Mimi sina cha kukusamehe," akasema. "Mimi nilibaki na kazi yangu na nyumba yangu. Jabez alihama mvua inanyesha, kitanda juu ya mkokoteni, wale watoto wanasukuma. Wewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

Nilikuwa baa, nikinunuliwa bia. Nikamwambia hivyohivyo.

"Basi sikiliza, Clement. Hiyo sherehe yenu ya kuniaga siji. Sivai suti, sikai mbele, sipokei saa ya zawadi. Mpaka uende kwa wote sita, kwa miguu yako, uwaambie kwa kinywa chako ulichosema kwa Garside. Na uwaalike. Na ukishafanya hivyo, uyaandike kwenye hicho kijarida ili hata asiyekuja ajue."

Nikajaribu kujitetea, bado niko vilevile. Nikasema watu watanicheka. Akajibu kwamba hilo ndilo jepesi kati ya yote.

Kwa hiyo, wapendwa wafanyakazi wenzangu, kwa majuma matatu mmekuwa mkiniona natoka zamu na kwenda njia ambayo si ya nyumbani. Sasa mnajua. Nimekwenda kwa wote sita. Wanne walinisikiliza, mmoja wao alinimwagia chai, haikuwa ya moto sana, kisha akanimiminia nyingine nikanywa. Silas Venn alifariki mwaka juzi, na mjane wake alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho, akasema Silas hadi siku yake ya mwisho alikuwa anajiuliza ni dereva gani aliyemdharau vile, maana aliwaheshimu wote. Hilo neno nimeondoka nalo na sijui pa kuliweka. Jabez Thorogood hakunisikiliza. Niliposema tu jina langu na neno soksi, alielewa, akafunga mlango, na nilisimama nje nikisubiri mpaka nikaona kwamba hapa sitafunguliwa. Ana haki. Nimeambiwa jarida hili litatumwa kwake kwa posta, na Bi. Frome ameandika anwani kwa mkono wake.

Enoch amekubali kuja Ijumaa. Bi. Keziah atabebwa kwa kiti kutoka nyuma ya karakana, na madereva wanne wamejitolea kumbeba; mimi nimekataliwa, wanasema nitasimama njiani kusubiri kitu.

Bwana Purkiss, kwa niaba ya Kampuni, ya Marl Street, na ya kila abiria aliyefika nyumbani bila kujua kwamba kuna mtu alitazama mlango wake, tunakushukuru. Ulitulinda sisi sote, hata tulipokuwa hatustahili. Amka utakapo, kunywa chai yako ikiwa moto, umpeleke Keziah akaone bahari kama alivyoomba tangu mwaka wa arusi, na mkae salama, mkae sana. Mimi binafsi nasema ninakupenda na ninaona haya, na yote mawili ni kweli.

Wanaohudhuria, tafadhali msikalie viti saba vya mstari wa mbele, hata kama nyinyi ni wakurugenzi. Ni vya watu wa kulabu. Kimoja ni cha mjane wa Silas. Na wewe Jabez, ukisoma haya, chako ni cha nne kutoka kushoto. Hakitakaliwa na mtu, na Enoch amesema hataanza bila wewe kabla ya saa tisa.